Nyumba ya Wageni ya Mikumi na Funzo Lake kwa Chama Chetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama, Sinza, Dar es Salaam



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele yenu siku hii ya leo, ambayo Chama chetu kinatimiza miaka 10 tangu kuandikishwa. Katika sherehe kama hii desturi ni Katibu kusoma hesabu ya mafanikio. Hesabu hiyo imekwisha kupigwa chapa, na kila mwanachama amepewa nakala yake mlangoni. Kwa hiyo sina haja ya kuwachosha kwa kuirudia. Badala yake Bwana Mwenyekiti ameniruhusu niwasimulie habari za safari moja.

Nafanya hivyo kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba wengi wenu mmeniuliza tuliona nini Mikumi, na fedha za nauli zilikuwa zenu, basi mna haki ya kujibiwa. Ya pili ni kubwa zaidi. Safari ile ilibadili fikira zangu katika jambo ambalo mtalipigia kura mchana huu, yaani pendekezo la kutumia akiba ya Chama kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu katika kiwanja chetu hapa Sinza. Pendekezo hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Imenipasa, basi, niwaeleze kwa nini leo silitetei tena kama nilivyolitetea mwaka jana.

CHANZO CHA SAFARI

Mtakumbuka kwamba mwaka 2022 ilitolewa filamu iitwayo "Tanzania: The Royal Tour", ambamo Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alimwongoza mgeni kuzitazama hifadhi na fukwe za nchi yetu. Tangu hapo neno "utalii" likawa midomoni mwa kila mtu, na sisi wa vyama vya ushirika hatukubaki nyuma. Haukupita mkutano asitokee mjumbe wa kusema, "Na sisi tujenge, tulaze wageni." Nami nilikuwa wa mbele katika kuunga mkono. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Nilisema kwamba hapa Sinza, tangu viwanja vilipopimwa katika miaka ya 1970 kwa mpango wa viwanja na huduma, gesti zimeota kama uyoga baada ya mvua. Ikiwa wenzetu wanapata, sisi tumekosa nini?

Bodi, kwa busara yake, ikaamua kwamba kabla ya kuchimba msingi twende kwanza tukaone. Tukachaguliwa watu 16: wafugaji wa kuku wa Goba na Kibamba, wakulima wa mboga wa Mabwepande na Chamazi, wajumbe wawili wa Bodi, na mimi Katibu. Tuliagizwa twende mpaka Bonde la Kilombero kuwatazama wakulima wa miwa walio katika vyama vya msingi, na njiani tulale siku mbili Mikumi, mji mdogo ulio kando ya Hifadhi ya Taifa, ili tujionee jinsi watu wa huko wanavyoishi kwa kulaza wageni.

Kwa ajili ya wale ambao hawajafika, naomba niseme maneno machache. Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake latokana na miti ya mikumi, ambayo watu wa pwani wanaijua zaidi kwa jina la mivumo. Kusini yake iko nchi kubwa ya wanyama ya Selous, ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hata Zambia hupita ndani ya Hifadhi yenyewe kwa mwendo wa yapata kilomita 50. Msafiri wa basi aendaye kumzika jamaa yake Mbeya huwaona twiga, swala na hata tembo kupitia dirishani, wala halipi hata senti. Kwa hiyo barabarani kuna matuta, na kuna vibao vya kuwaonya madereva, na amgongaye mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya aina ya mnyama mwenyewe.

USIKU WA KWANZA

Hapa, Bwana Mwenyekiti, naomba radhi, kwani nitasema jambo ambalo sikuliandika katika taarifa yangu ya safari. Naliungama leo mbele ya wanachama wote.

Tuliondoka Dar es Salaam alasiri kwa treni mpya ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024, na kwa muda usiofika saa mbili tukawa tumeshuka Morogoro. Hapo tukapanda basi dogo la kukodi. Tulipoingia Mikumi ilikuwa imekaribia saa tatu usiku. Nikaenda kwa majivuno katika hoteli kubwa niliyokuwa nimeiandikia, mkononi nimeshika nakala ya barua ya Chama yenye mhuri. Karani akaitazama, akafungua simu yake, akanionyesha ujumbe wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika tarehe ya wiki iliyofuata. Tena sikupeleka malipo ya awali, kwa kudhani kwamba mhuri wa Chama unatosha. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Karani hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Nilirudi garini nikawa sina la kusema. Wazee walikuwa wamechoka, na miongoni mwao alikuwamo Bibi mmoja wa kikundi cha mboga cha Mabwepande, aliyekwisha kupita miaka 70. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu Katibu, usiinamishe kichwa. Uliza watu wa hapa. Penye watu hapaharibiki neno." Dereva wetu akasema kwamba anaifahamu nyumba moja ya mume na mke, nyuma ya barabara, ambako madereva wenzake hulala. Tukaenda huko.

Nyumba ile haina kibao kikubwa. Kuna mwembe mmoja, chini yake mabenchi mawili. Kuna mlolongo wa vyumba vitano vilivyoezekwa kwa bati. Na nyuma yake, katika bustani, kuna vijumba vinne vya matofali, kila kimoja kina baraza yake na kiti chake. Bwana mwenye nyumba alikuwa zamani dereva wa malori ya Zambia. Mkewe ndiye msimamizi wa kila kitu, akisaidiwa na binti yao na mkwe wao. Yule mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akamwamkia Bibi yetu kwanza, "Shikamoo mama, pole na safari," kisha ndipo akanigeukia mimi. Akasema, "Vyumba ninavyo tisa. Viwili vina watu. Katika saba vilivyobaki mtaenea kumi na wanne. Wawili nitajua pa kuwaweka. Hakuna atakayelala nje."

Nikauliza bei huku moyo unanidunda, maana alijua fika kwamba hatukuwa na pengine pa kwenda. Akataja bei. Baadaye nilimwuliza dereva, akanihakikishia kwamba ni ile ile anayotozwa yeye kila siku.

Tulioga maji ya moto yaliyochemshwa kwa kuni na kuletwa katika ndoo. Kila kitanda kilikuwa na chandarua kisicho na tundu, nalo shuka lilinukia jua. Saa nne usiku tukaletewa wali, maharage, mchicha na mayai ya kukaanga. Mama akaomba radhi kwamba hapakuwa na nyama, akisema, "Kuku hachinjwi kwa haraka usiku." Tukala, tukashukuru Mungu. Usiku kucha malori ya Zambia yalinguruma barabarani, na kwa mbali tukasikia fisi.

Asubuhi ndipo nilipojua wale wawili waliobaki walilala wapi. Bibi yetu na mwenzake walilazwa katika chumba cha wenye nyumba wenyewe. Mume na mke walilala mkekani sebuleni. Nami nilipoletewa hesabu, nikaona imeandikwa vyumba saba tu. Nikamwambia mama kwamba amesahau kimoja. Akanijibu, "Sikusahau. Kile ni chumba changu, si cha biashara."

DAFTARI LA MAMA

Ndugu wanachama, mimi ni Katibu, nimeishia Kidato cha Nne, na kwa miaka kadhaa nimezunguka katika vyama vyetu vya msingi nikiwafundisha watu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi niliomba niyaone madaftari ya nyumba ile. Mama hakuona haya wala hakuona fahari; aliyaweka mezani kama mtu anavyomwekea mgeni kikombe cha chai.

La kwanza lilikuwa daftari la wageni, kama lile la gesti zetu za Sinza: jina, kabila, kazi, umetoka wapi, unakwenda wapi. La pili lilikuwa la mapato ya kila siku, na risiti za mashine zimebanwa ukurasa kwa ukurasa. La tatu ndilo lililonikalisha chini kwa saa nzima, nalo lilikuwa la jiko. Humo mliandikwa kila kitu kilichoingia: mkaa, mchele, mafuta, maziwa, mchicha, mayai, kimetoka kwa nani, kwa bei gani, kimefika siku gani, na kingapi kilifika kimevunjika au kimeharibika. Pembeni alikuwa ametia alama ndogo ya msalaba kwa kila mtu aliyeahidi kuleta kitu asilete. Mtu mwenye misalaba mitatu hakuonekana tena katika kurasa zilizofuata.

Nikauliza waliwezaje kujenga. Bwana mwenye nyumba akanieleza kwamba walianza na vyumba viwili, kwa fedha alizolipwa alipoacha udereva. Hawakuweka msingi wa chumba cha tatu mpaka viwili vya kwanza vilipokwisha kupakwa rangi na kulipiwa kila kitu. Vile vijumba vya bustanini walivijenga kimoja kimoja, kila kimoja kwa mapato ya vilivyotangulia. Hawakukopa. Akaongeza kwa kutukumbusha mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona. Nanyi mnajua kwamba mwaka ule hesabu ya watalii walioingia Tanzania ilianguka kutoka zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 hadi karibu 620,000. Nyumba ile ikabaki na madereva, maofisa wa serikali na bustani yake ya mboga, na kwa hao ikaishi. "Tungekuwa na deni mwaka ule," alisema mzee, "benki ndiyo ingelala humu badala ya wageni."

Maneno hayo niliyaandika katika kitabu changu cha mfukoni. Katika pendekezo langu la ghorofa tatu, theluthi mbili ya gharama ilikuwa mkopo.

NDANI YA HIFADHI

Siku ya pili tulikwenda Hifadhini. Mama alituitia vijana wawili wenye magari ya kuwapeleka wageni, tukagawana gharama, na malipo ya lango tukayafanya kwa simu kabla ya kuondoka, maana langoni hawapokei fedha taslimu. Raia hulipa kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo sana kuliko cha wageni wa nje. Nalisema hili kwa sababu wanachama wengi hudhani kwamba mbuga ni za Wazungu. Mkulima wa Goba akiweka akiba kidogo kidogo kwa miezi michache, anaweza kumpeleka mkewe na watoto.

Tuliuona uwanda wa Mkata, mpana kama bahari iliyokauka, na milima imeuzunguka kwa mbali. Tuliwaona nyati, pundamilia, nyumbu na twiga, na viboko wamelala katika bwawa lao kama mawe yaliyooshwa. Simba hatukumwona mpaka tulipokuwa tunarudi. Alikuwa jike, amelala kivulini, akatutazama mara moja, akageuza uso kama mtu aliyesumbuliwa na wadeni.

Kisha tukakuta kundi la tembo. Wote garini tukanyamaza. Wengine walipiga picha, wengine wakataja jina la Mungu. Bibi wa Mabwepande alitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kijana aliyetuongoza, "Mwanangu, hawa wakitoka humu usiku, wanakula mahindi ya nani?"

Kijana akajibu kwa ukweli. Akasema kwamba karibu na hifadhi nyingi, hii na ile ya Udzungwa iliyo jirani, wako wakulima wanaokesha mashambani wakipiga madebe. Iko sheria ya serikali ya kuwapa kifuta jasho wale ambao mazao yao yameliwa, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au waliofiwa. Lakini, kama majina yenyewe yanavyosema, huko ni kufuta tu, si kulipa thamani ya kilichopotea. Wengine wameanza kuzungushia mashamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na wengine hutundika mizinga ya nyuki kwenye uzio, kwa maana tembo humwogopa nyuki, na mwenye shamba hupata asali. Bibi akatikisa kichwa. "Basi," akasema, "mgeni akija kumtazama tembo, na ale mahindi ya huyo aliyemlisha tembo. Angalau haki irudi kwa mlango huo."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Fedha za utalii hupita karibu na mkulima kama lile basi la Mbeya: analiona, analisikia, lakini halisimami kwake. Yule mama wa Mikumi, kwa kuandika katika daftari lake "mchicha wa fulani, maziwa ya fulani," alikuwa amelisimamisha.

SWALI LA MAYAI

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja siku ya tatu. Alasiri ile wajumbe wetu waliingia katika bustani ya mama wakampalilia mchicha, na mfugaji mmoja wa Kibamba akamkagua kuku wake, akamhimiza juu ya chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mama alifurahi sana. Ndipo akauliza sisi ni chama cha kazi gani. Nikamweleza kwa maneno mazuri, kama nilivyozoea: idadi ya vyama vya msingi, wafugaji, mabanda, mayai yanayotagwa kila siku.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua lile daftari la jiko, akaniambia, "Mayai yangu hutoka huko huko kwenu Dar es Salaam, huletwa kwa basi na mchuuzi. Mara yanafika, mara hayafiki. Mara trei ishirini, mara kumi na mbili. Je, Katibu, chama chenu kinaweza kuniletea trei ishirini kila Jumanne, bila kukosa, pamoja na risiti?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama pale na kofia ya Chama kichwani, na wajumbe 15 wananitazama. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilijua ukweli. Chama chetu hakina mahali pa kukusanyia mayai. Kila mwanachama huuza peke yake mlangoni kwake, kwa mchuuzi ambaye ndiye anayetaja bei. Trei 20 tunazo, tena mara mia. Ila hatuna Jumanne. Nikamwambia, "Mama, nipe muda nitakujibu." Hakucheka wala hakunilaumu. Aliandika jina la Chama chetu katika daftari, akaacha nafasi wazi mbele yake.

KUREJEA SINZA

Tuliporudi kutoka Kilombero sikuketi ofisini. Nilichukua wajumbe wawili, tukatembea kwa miguu kando ya Barabara ya Shekilango, tukaingia Sinza Mori, Madukani mpaka Kumekucha, tukawa tunapiga hodi katika gesti na migahawa, tunauliza neno moja tu: mayai na mboga mnapata kwa nani? Tulipiga hodi mahali 30. Hata pamoja hapakutaja Chama chetu. Wengine hawakujua kama kipo, ingawa ofisi yetu iko umbali wa dakika tano kwa mguu.

Tulipouliza wanataka nini, majibu yalifanana kana kwamba walikuwa wamesikilizana na yule mama wa Mikumi. Vifike kabla ya saa moja asubuhi. Vifike kila siku, pamoja na siku ya mvua. Na ije risiti. Hakuna aliyetaka bei ya chini kuliko ya mchuuzi.

Nikajiuliza: mimi niliyeshindwa kuandika tarehe moja sawasawa kwa ajili ya watu 16, nitasimamiaje nyumba ya vyumba 40 kila usiku wa mwaka? Na sisi tulioshindwa kupeleka trei moja ya mayai kwa jirani, tutamwandalia mgeni chai ya asubuhi kwa kitu gani?

HOJA YENYEWE

Wako wenzangu katika Bodi wasiokubaliana nami, na haki yao naisema hapa kwa uaminifu. Wanasema kwamba kiwanja kikikaa wazi ni hasara, kwamba bei ya saruji haishuki, na kwamba nyumba haiozi bali yai huoza. Wanakumbusha pia kwamba chama kikubwa cha kahawa cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa na nyumba ya wageni katika jengo lake mjini Moshi. Hayo yote ni kweli. Lakini KNCU kilikuwa kimekwisha kujua kuuza kahawa. Nyumba ya wageni ilikuja baada ya kahawa, haikuja kabla yake. Tena tukumbuke kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na wakulima wakabaki bila chombo chao mpaka sheria mpya ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuvirudisha. Majengo hayakuviokoa. Uhai wa chama ni kile ambacho mwanachama hawezi kukipata pengine.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, naomba kuleta mbele yenu mabadiliko ya pendekezo langu mwenyewe, nayo ni haya:

1. Akiba ya Chama isijenge ghorofa mwaka huu, wala Chama kisichukue mkopo kwa kazi hiyo.

2. Katika kiwanja chetu cha Sinza kijengwe chumba kimoja cha kukusanyia na kupangia mayai na mboga, chenye mizani, rafu na daftari la jiko la namna ya yule mama, pamoja na alama zake za msalaba. Linunuliwe guta moja la injini la kufikisha mali kwa wateja alfajiri.

3. Kila mwaka wanachama wanaotaka waweke akiba kidogo kidogo, waende kulala siku mbili katika nyumba kama ile ya Mikumi. Wasiende kwa kustarehe tu. Waende wakaone jinsi jamaa moja, bila kibao kikubwa, inavyotimiza ahadi kila siku.

4. Baada ya miaka miwili hesabu ziletwe mbele ya mkutano kama huu. Zikionyesha kwamba tumeweza kuilisha Sinza bila kukosa, ndipo tuzungumze habari ya kuilaza Sinza. Nami nitakuwa wa kwanza kushika koleo.

Najua kwamba kwa kusema hivi nimewavunja moyo wengine ambao walikwisha kuiona ghorofa ile katika ndoto zao, na jina la Chama juu yake kwa herufi kubwa. Nami niliiona. Ilikuwa nzuri. Lakini wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni hayo mayai na huo mchicha, na tumeukalia miaka 10 bila kuutandika.

Namaliza kwa jambo moja dogo. Mwezi uliopita nilimpigia simu yule mama wa Mikumi kumjulia hali. Wote wazima, na kijumba cha tano kimeanza kuchimbwa msingi, maana cha nne kimekwisha kulipiwa. Kabla ya kukata simu akaniuliza, bila kunisukuma, "Katibu, ile nafasi katika daftari bado iko wazi. Niandike nini?"

Nilimwomba anisubiri mpaka baada ya mkutano wa leo. Jibu hilo si langu tena, ndugu wanachama. Ni lenu.

Ushirika na udumu.